Alama za Ndege za Vita si Pambo

Juma lililopita alifika ofisini kwetu kijana mmoja wa kidato cha nne, mkononi ameshika boksi lililofungwa kwa kamba ya katani. Alitusalimu kwa adabu, "Shikamoo, mzee," tukamwitikia, naye akalifungua boksi lile juu ya meza yetu polepole kama mtu abebaye mayai. Ndani mlikuwa na ndege ndogo ya plastiki ambayo mabawa yake, kutoka ncha hadi ncha, hayafiki shibiri moja. Ilikuwa ni mfano wa ndege ya kivita ya wanamaji wa Uingereza katika Vita Kuu ya Pili, iliyoundwa na kampuni ya Grumman ya Marekani, na ambayo Waingereza waliita Martlet. Mjomba wake, ambaye ni baharia, ndiye aliyemletea vipande vyake kutoka ng'ambo. Kijana alikwisha kuviunganisha na kuvipaka rangi. Kilichobaki ni alama.

"Mzee," alisema, "babu yangu anasema baba yake alikuwa kibarua Mombasa wakati wa vita, kwenye uwanja wa ndege wa Port Reitz. Alikuwa akiwahadithia kwamba ndege za Waingereza zilikuwa na jicho jekundu. Lakini katika karatasi ya alama iliyomo humu, alama ya Kiingereza haina nyekundu hata kidogo. Nao watu barazani wanamcheka babu. Wanamwambia nyekundu ni ya Mjapani, baba yako alichanganya mambo."

Tulimwomba atupe siku chache. Makala yetu ya leo ni jibu letu kwake, kwa babu yake, na kwa wale wa barazani. Pengine msomaji atauliza alama za kuchezea zina uzito gani hata zichukue safu ya gazeti, wakati bei ya mkonge na ubovu wa barabara vinangoja kuandikwa. Tunamwomba avute subira, kwani mambo makubwa huweza kusomwa katika vitu vidogo.

KARATASI, GUNDI NA MAJI

Alama hizi, ambazo mafundi wake huziita dekali, hazichorwi kwa brashi. Huchapwa kiwandani juu ya karatasi maalumu iliyopakwa gundi ya wanga. Juu ya gundi hutandazwa utando mwembamba wa vanishi, na juu ya utando huo ndipo rangi huchapwa moja baada ya moja, mara nyingi kwa kupitisha wino katika kitambaa chembamba kilichowambwa kwenye fremu. Nyeupe hutangulia chini ya rangi nyingine, kwani bila nyeupe rangi ya ndege hupenya na kuzifisha zile zilizo juu yake. Rangi moja ikikosea mahali pake kwa unene wa unywele, nyota hutoka na kivuli, na karatasi nzima imeharibika.

Fundi huikata alama anayoitaka, akaizamisha katika maji ya vuguvugu kwa sekunde chache, kisha akaitoa na kungoja. Gundi hulainika, na alama huteleza kutoka karatasini ikiwa nzima. Sisi tuliosoma chuoni, tukaandika aya juu ya ubao kwa wino wa masizi, tulizoea kwamba maji hufuta maandishi. Hapa maji hayafuti maandishi, bali huyafungua yaende mahali pake.

Kazi hii ina miiko yake. Ndege za vita zilipakwa rangi isiyong'aa, lakini fundi hana budi kuipaka kwanza vanishi inayong'aa kabla ya kubandika, kwani rangi isiyong'aa ina mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho, ambamo hewa hunaswa chini ya alama na kuleta weupe kama wa fedha. Ikiisha kubandikwa, hupakwa dawa ya kulainisha ili utando ulale juu ya kila mfereji na kila ribiti kana kwamba ni rangi iliyopakwa. Wasio na dawa hiyo hutumia siki iliyozimuliwa kwa maji. Karatasi kuukuu iliyogeuka manjano hubandikwa kwenye kioo cha dirisha, jua likaisafisha kwa siku kadhaa.

Wembamba wa utando huo si anasa. Mfano wa kijana yule ni wa kipimo cha moja kwa sabini na mbili, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 72. Ndege yenyewe ilikuwa na upana wa mabawa wa mita 11 na nusu na kidogo zaidi, na ya kijana ni sentimita 16. Utando wenye unene wa sehemu moja ya hamsini ya milimita, ukikuzwa mara 72, ungekuwa zaidi ya milimita moja. Hakuna ndege iliyopata kuruka na rangi nene kiasi hicho.

NYOTA ILIYOBADILIKA

Baada ya ufundi huja ilimu. Ndege moja, ya umbo lile lile, ilivaa alama mbalimbali kwa nyakati mbalimbali, na mwenye kubandika asiyejua tarehe hajui anachokifanya.

Tuchukue nyota ya Marekani kuwa mfano. Japani ilipoishambulia Pearl Harbor tarehe 7 Desemba 1941, ndege za wanamaji wa Marekani zilikuwa na nyota nyeupe ndani ya duara la bluu, na katikati ya nyota kitone chekundu. Januari 1942 iliongezwa michirizi 13, myekundu na myeupe, kwenye usukani wa mkia. Mei 1942 iliamriwa kwamba kitone na michirizi vyote viondolewe. Juni 1943 duara liliongezewa mistatili miwili myeupe, mmoja kila upande, na alama nzima ikazungushiwa ukingo mwekundu. Ukingo huo haukudumu. Agosti 1943 iliamriwa uwe wa bluu. Mabadiliko yote hayo yalitokea katika muda wa miezi 20.

Kwa hiyo ajuaye kuisoma nyota hiyo hahitaji kalenda. Ndege ya Wildcat yenye michirizi mkiani ni ya miezi ya kwanza ya 1942, hadi mapigano ya Bahari ya Matumbawe mwanzoni mwa Mei. Ile ya mapigano ya Midway, Juni mwaka huo huo, ina nyota nyeupe tupu. Anayebandika kitone chekundu kwenye ndege ya Midway amesema uongo, hata kama mkono wake haukutetemeka.

Wajapani nao walikuwa na mpango wao. Juu ya mabawa na ubavuni waliweka duara jekundu la jua, lakini mkiani waliandika herufi na tarakimu za kuitambulisha meli ya kubebea ndege, na karibu na mkia wakazungusha mikanda ya rangi. Katika shambulio la Pearl Harbor, ndege za Akagi zilikuwa na mkanda mmoja mwekundu, za Kaga miwili myekundu. Za Soryu mmoja wa bluu, za Hiryu miwili ya bluu. Za Shokaku mmoja mweupe, za Zuikaku miwili myeupe. Meli sita, rangi tatu, wala hapakuwa na nafasi ya kuchanganya.

Si kila mpango ulifaulu. Januari 1945 Wamarekani waliipa kila meli ya kubebea ndege mchoro wake wa kupaka mkiani: ndege za Bunker Hill mshale, za Franklin almasi, na nyingine vistari vya namna namna. Michoro hiyo ilikuwa ya kupendeza machoni, lakini kuieleza kwa redio katikati ya mapigano kulikuwa kugumu, na Julai 1945 ikaondolewa, mahali pake zikawekwa herufi. Alama ambayo haitamkiki upesi haimfai askari.

ALAMA NA MAISHA YA WATU

Kwa nini basi nyekundu iliondolewa? Jibu ni kwamba iliua watu, au ilihofiwa itaua. Mpiga mzinga aliye sitahani ana sekunde chache tu za kuamua kama ndege inayomjia ni rafiki au adui. Katika Bahari ya Pasifiki alikuwa amezoezwa kwamba adui ana duara jekundu. Akiona chochote chekundu bawani, kidole kilikwisha kubana kabla akili haijamaliza kuuliza.

Hofu hiyo haikuwa ya bure. Usiku wa siku ile ile ya 7 Desemba 1941, ndege sita za Wildcat kutoka meli ya Enterprise zilikuja kutua Pearl Harbor. Wapiga mizinga wa Kimarekani, ambao tangu asubuhi walikuwa wakiona wenzao wakifa, walizifyatulia, na marubani watatu walipoteza maisha mikononi mwa ndugu zao. Gizani alama haikuonekana, na hata ingeonekana, hofu ilikwisha kuwapofusha watu. Jioni ya tarehe 7 Mei 1942, katika Bahari ya Matumbawe, mambo yaligeuka: ndege za Kijapani zilizopotea njia ziliiona meli ya Kimarekani wakati wa magharibi, zikadhani ni ya kwao, zikajipanga kutaka kutua.

Wakubwa wa vita walilielewa tatizo hilo mapema. Mwaka 1942 Jeshi la Wanamaji la Marekani liliomba wanafunzi wa shule nchini humo watengeneze mifano 500,000 ya ndege, kwa kipimo hicho hicho cha moja kwa sabini na mbili, ili askari na raia wajifunze kuzitambua. Mifano hiyo ilipakwa rangi nyeusi tupu. Haikuwa na nyota wala duara, kwa sababu mtu alitakiwa aijue ndege kwa umbo lake dhidi ya mbingu, kabla haijakaribia kiasi cha kuonyesha alama.

Tena alama yaweza kutumiwa kusema lisilo kweli. Novemba 1942, Waingereza na Wamarekani walipoteremsha majeshi Moroko na Aljeria, nchi zilizokuwa chini ya Wafaransa wa serikali ya Vichy, ilidhaniwa kwamba Wafaransa wangewachukia Wamarekani kidogo kuliko Waingereza. Basi ndege za wanamaji wa Uingereza zilivishwa nyota ya Marekani. Marubani walikuwa Waingereza, meli zilikuwa za Kiingereza, lakini bawani palikuwa na nyota ya mwingine. Waswahili husema kilemba hakimfanyi mtu kuwa shekhe. Mtoto anayebandika nyota hiyo leo katika ndege ya Kiingereza hajakosea; amebandika hila ya wakubwa kama ilivyokuwa.

JICHO JEKUNDU LA KILINDINI

Sasa tumjibu kijana wetu. Mwanzoni mwa Aprili 1942 meli za kubebea ndege za Japani ziliingia Bahari ya Hindi, zikaishambulia Colombo tarehe 5 na Trincomalee tarehe 9. Siku hiyo ya pili meli ya Kiingereza ya kubebea ndege, Hermes, ilizamishwa. Kundi la manowari za Uingereza za Mashariki, lililoongozwa na Admeri James Somerville, lilirudi nyuma na kuifanya Kilindini kuwa makao yake. Ndivyo vita vya Pasifiki, ambavyo wengi wetu hudhani vilikuwa vya mbali, vilivyofika mlangoni petu.

Miongoni mwa meli hizo zilikuwamo Formidable na Illustrious, nazo zilibeba ndege za Martlet, ambazo mabawa yake yalikunjwa nyuma kama ya panzi ili zienee chini ya sitaha. Tarehe 5 Mei 1942 Waingereza waliteremka Diego Suarez, kaskazini mwa Madagaska, na Martlet za Illustrious zikapigana angani na ndege za Morane za Wafaransa wa Vichy. Baadaye mwaka huo askari wa Afrika Mashariki nao walivushwa kwenda kupigana katika kisiwa hicho. Uwanja wa Port Reitz, ambao leo ni uwanja wa ndege wa kimataifa wa Moi, ulitumiwa na ndege hizo za wanamaji. Hapa Tanga pia palikuwa na kituo chao, walichokiita kwa desturi yao kana kwamba ni meli: HMS Kilele.

Je, alama zao zilikuwaje? Mpaka Mei 1942 ubavuni mwa ndege za Uingereza palikuwa na duara la pete za upana ulio sawa: nyekundu katikati, kisha nyeupe, kisha bluu, na manjano kwa nje. Nyekundu ilikuwa sehemu moja ya saba ya kipenyo chote. Tangu Mei 1942 nyeupe na manjano zilifanywa nyembamba, na nyekundu ikakua hadi sehemu moja ya tatu. Duara la ubavuni lenye kipenyo cha sentimita 91, likipunguzwa mara 72, huwa milimita 12 na zaidi, na jicho lake jekundu milimita 4. Juu ya mabawa hapakuwa na nyeupe kabisa, bali nyekundu kubwa ndani ya bluu.

Nyekundu hiyo iliondolewa baadaye, kuanzia 1943 katika uwanja wa vita wa India na Burma, kwa sababu ile ile iliyowafanya Wamarekani waiondoe ya kwao. Na mwaka 1945, Waingereza walipopeleka meli zao kupigana Pasifiki bega kwa bega na Wamarekani, duara lao la bluu na nyeupe liliongezewa mistatili kama ya nyota ya Marekani. Karatasi iliyomo katika boksi la kijana ni ya mwaka huo wa mwisho wa vita. Haina kosa lolote, ila ni ya mahali pengine na wakati mwingine.

Basi mzee yule hakuota, wala hakuchanganya. Aliona jicho jekundu kwa sababu lilikuwapo. Wale wa barazani waliuhukumu mwaka 1942 kwa alama za mwaka 1945, na hilo ndilo kosa la kila anayedhani kwamba mambo yalikuwa siku zote kama alivyoyakuta. Walikuwa na haki ya kuuliza. Hawakuwa na haki ya kucheka.

BENDERA NDOGO UBAVUNI

Limebaki jambo moja ambalo kijana hakutuuliza, lakini sisi twaona ni wajibu wetu kulitaja. Katika karatasi nyingi za alama za ndege za wanamaji wa Marekani mna bendera ndogo ndogo za Japani, za kubandikwa chini ya kiti cha rubani. Rubani David McCampbell wa meli ya Essex, aliyerusha Hellcat iliyoitwa Minsi III, alihesabiwa ndege 34 alizoziangusha, tisa kati yake katika siku moja, tarehe 24 Oktoba 1944. Mtoto anayetengeneza mfano wa ndege yake atabandika bendera hizo kwa kibano, moja moja, akiziba pumzi zisipeperuke.

Ni kazi ya kuvutia, na bendera ni hesabu ya kweli. Lakini kila moja ni ndege iliyokuwa na mtu ndani yake, na huyo mtu alikuwa na mama. Hatusemi bendera zisibandikwe, kwani kuficha hesabu ni uongo mwingine. Tunasema mwenye kubandika ajue anabandika nini. Aidha ajue kwamba hata picha ya zamani yaweza kudanganya. Kuna picha mashuhuri ya Novemba 1943 ya rubani Gregory Boyington wa askari wa wanamaji wa Marekani, ameketi katika ndege ya Corsair namba 86 iliyojaa bendera za ushindi. Ndege hiyo ilipambwa kwa ajili ya picha. Mapigano yake aliyapigana katika nyingine. Tangu hapo watu wameitengeneza mifano yake kana kwamba ndiyo aliyokwenda nayo vitani.

NENO LETU

Kijana alirudi juzi, tukamweleza haya yote. Alisikiliza, kisha akauliza swali la kifundi: nyekundu ataipata wapi, naye hana karatasi nyingine? Tulikata shauri pamoja. Atachukua karatasi tupu yenye utando, aipake rangi nyekundu, na ikikauka ataikata kwa mrija wa chuma ulionolewa. Ubavuni yafaa milimita 4, kwani ameamua kwamba ndege yake ni ya nusu ya pili ya 1942, wakati Martlet zilipokuwa zikiteremshwa Port Reitz. Mbili za kwanza zilipasuka majini. Ya tatu ilikaa.

Hata hivyo ipo alama ambayo hataipata katika karatasi yoyote. Zimechapwa namba za ndege, majina ya marubani, hata maandishi madogo ya kuonyesha mahali pa kukanyaga. Jina la kibarua aliyevunja mawe na kusawazisha ardhi ili ndege hizo zitue halikuchapwa popote, ingawa viwanja havikujichimba vyenyewe. Lililobaki ni neno moja, jicho jekundu, lililopita kutoka kwa baba hadi kwa mwana, hadi kwa mjukuu, hadi kwa kitukuu, na nusura lifie barazani kwa kicheko.

Kwa hiyo tunawaomba vijana wetu walio mashuleni, na walimu wao wa historia, wawaketie wazee na kuandika wasemayo, pamoja na jina la msemaji, mahali na mwaka. Wasiyatupe kwa kuwa hayalingani na karatasi iliyo mbele yao. Kwanza waulize karatasi hiyo ni ya mwaka gani. Na kijana wetu tumemshauri aandike jina la baba wa babu yake kwa wino chini ya kigingi cha mbao kitakachobeba ndege ile, kisha aipeleke barazani.